Vifungo Visivyo na Uzi

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umeanza na mvua imeanza, vyote asubuhi moja, na vyote vimenikuta sina mwavuli. Niliingia darasani viatu vikilia chwaka chwaka, wanafunzi wa kidato cha tano wakajikaza wasicheke. Mmoja akashindwa. Nimemweka akilini.

Najua wananiita Sifuri. Wanadhani sijui. Tangu nianze kufundisha kemia sijawahi kutoa alama ya huruma. Jibu ni sahihi au si sahihi, na aliyepanda upepo avune alichopanda. Mdogo wangu anasema hata chai mimi nikiionja ninaisahihisha.

Huyu mdogo wangu ni kinyozi, na tangu mwaka jana hajamnyoa mteja. Saratani ya damu ilimkamata akiwa kazini, mashine mkononi. Hospitali walimtia dawa za mshipani mpaka nywele zake mwenyewe zikapukutika, naye akasema Mungu naye ana mizaha. Saratani ikarudi nyuma. Sasa yuko nyumbani, anameza kidonge kimoja kila jioni, na atakimeza kwa muda mrefu ili hata mabaki yasiyoonekana yafe. Mimi ndiye msimamizi. Ninampa maji, ninamwekea kidonge kiganjani, ninasimama pale mpaka akimeze. Sitaki kusikia habari za "nitameza baadaye".

Tunaishi watatu. Wa tatu ni Baba, ambaye alikuwa mtunza ghala na mpaka leo hajastaafu moyoni. Ana ugonjwa wa gauti kwenye kidole gumba cha mguu, ana mkono wa birika, na ana kopo la bati lenye kufuli dogo. Humo ndimo anamoweka vidonge vyake vya mguu. Sijawahi kuona mtu akipewa kitu kutoka kwenye kopo lile.

Muhula huu ninaomba jambo moja tu. Mdogo wangu avuke mvua hizi akiwa hai.


Jumatano, 5 Machi

Mvua. Daftari za kidato cha pili. Ni aibu tupu.


Jumamosi, 8 Machi

Wiki mbili zijazo nitafundisha asidi za nyukleiki, na shule haina hata picha ya ukutani. Nimeomba vifungo vikuukuu kwa fundi cherehani wa jirani, akanijazia mfuko mzima. Nikakaa barazani na mkasi, gundi na vitambaa vya rangi nne. Mdogo wangu akaja na kigoda chake.

"Dada, umefilisika? Umeanza kuuza vifungo?"

Nikamwambia akae asaidie. Nikamweleza, maana yeye hawezi kushika kitu bila kuuliza ni cha nini. Kifungo ni sukari. Kitambaa ni besi, na besi ziko aina nne: nyekundu tuite adenini, kijani guanini, njano sitosini, buluu thimini. Bandika kitambaa kimoja juu ya kifungo kimoja, umepata nyukleosidi. Basi. Sukari na besi yake.

"Na uzi?"

"Uzi ni fosfeti. Nyukleosidi haina uzi. Ukiifunga uzi inabadilika jina, inakuwa nyukleotidi, na hapo ndipo inaweza kushikana na wenzake. Tunga nyingi, upate ukanda wa DNA. Mpangilio wa rangi ndio maandishi. Seli ikitaka kugawanyika, lazima inakili ukanda wote, kifungo kwa kifungo."

Alitunga vichache. Ana vidole vyepesi, vya kinyozi. Kisha akauliza, bila kuniangalia, kidonge chake cha jioni ni rangi gani.

Nikamwambia kweli. Ni besi bandia. Ni kitambaa kinachofanana na vile viwili vya jamii moja, chekundu na kijani, lakini kina hitilafu ndogo. Seli inadanganyika. Inakibandika kwenye sukari, inakifunga uzi, inakitunga kwenye ukanda. Baadaye ikija kunakili inakuta pameharibika, inajaribu kupatengeneza, inashindwa, inakufa. Saratani hugawanyika haraka, kwa hiyo hula sumu nyingi.

"Na zangu nzuri?"

"Za uboho wa mifupa nazo hugawanyika haraka. Za mdomoni, za tumboni. Nazo zinakula. Ndiyo maana tunapima damu, kipimo kisizidi."

"Kumbe nimewekewa mchawi ndani ya nyumba, na anapimwa kwa kijiko," akasema, akacheka. Mimi sikucheka.

Baba akapita akichechemea, akasimama kututazama. "Watu wazima na vifungo," akasema. Mdogo wangu akamwuliza kama anajua kidole chake kimejaa nini. Nikalazimika kueleza na hilo. Vifungo vyekundu na vya kijani vikizeeka huvunjwa, na taka ya mwisho ni asidi ya yuriki. Ikizidi hukaa kwenye kiungo, ndiyo hiyo gauti. Vidonge vya Baba huziba njia ya mwisho ili taka hiyo isitengenezwe.

"Kwa hiyo mguu wa Baba ni jalala la nyukleosidi," akasema mdogo wangu.

"Jalala ni mdomo wako," Baba akajibu, akaenda zake. Lakini niliona amekaribia kutabasamu.


Jumanne, 11 Machi

Mfereji wa nyuma ya nyumba umeziba kwa takataka za majirani. Baba ameuzibua mwenyewe kwa jembe, kwenye mvua, akitukana kwa sauti. Hataki msaada wa mtu.


Ijumaa, 14 Machi

Kliniki. Daktari ni binti mdogo, mwenye sauti ndogo, na mimi humwamini mtu anayeongea polepole. Damu ni nzuri. Chembe nyeupe ziko pale wanapozitaka. Akauliza kama kawaida yake: kuna homa, kuna vidonda, kuna dawa nyingine yoyote? Nikajibu mimi kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Hakuna. Turudi baada ya wiki tatu.

Njiani mdogo wangu alinyamaza. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema magoti yanamkera kidogo, na vidole vya miguu, labda ni hii baridi. Nikamwambia angemwambia daktari. "Ungenipa nafasi," akasema. Nikanuna mpaka nyumbani.


Jumapili, 16 Machi

Kila Jumapili mdogo wangu anamnyoa Baba barazani. Ni mteja wake wa pekee aliyebaki, na halipi.

Miaka yote ya kibanda chake cha kunyolea Baba hakukanyaga mlangoni pale. Alitaka mtoto wake wa kiume awe karani. "Kukata nywele za watu wenye kazi nayo ni kazi?" alikuwa akisema. Alisusa kabisa. Ugonjwa ulipokuja hakusema lolote, alikaa tu siku moja kwenye kiti, akavua kofia, akasema, "Haya, nyoa." Ndivyo walivyopatana, kama ni kupatana.

Leo niliwasikia wakinong'ona. Nilipotoka na chai wakanyamaza, mmoja ameshika wembe, mwenzake ana povu mpaka masikioni. Nikauliza kuna nini.

"Tunakusengenya," akasema Baba.


Alhamisi, 20 Machi

Nimefundisha. Kamba mbili za vifungo kutoka ubaoni mpaka mlangoni, nyekundu ikitazamana na buluu, kijani ikitazamana na njano. Yule aliyecheka siku ya kwanza aliuliza, kwa nini nyukleosidi isijiunge yenyewe bila fosfeti? Nikamwambia kifungo hakijishoni. Ni swali zuri. Sikumwambia kuwa ni zuri.


Jumatatu, 24 Machi

Baba anachechemea zaidi. Nimemwuliza kama amemeza vidonge vyake, akasema mimi si mama yake.


Jumapili, 30 Machi

Leo tumegombana. Kidole cha Baba kimevimba, kinang'aa, hata soksi hakivumilii. Anayemeza dawa yake sawasawa havimbi hivyo, labda awe anakula maini ya kukaanga kwa siri kule sokoni. Nikamwambia hivyo mbele ya mdogo wangu. Nikasema mzee mzima anashindwa na tumbo lake.

Mdogo wangu ndiye aliyeinuka akasema, "Dada, mwache mzee." Sijawahi kumsikia akimtetea. Nikaenda kupika nikiwa na hasira, nikiwaza kwamba mimi ndiye nabeba nyumba hii na wao wawili wamefanya kambi moja.

Jambo moja jema, magoti ya mdogo wangu hayaumi tena, kwa maneno yake.


Ijumaa, 4 Aprili

Siku ya kliniki, na hatukufika. Mto umepanda juu ya daraja. Magari yamepanga foleni, watu wamesimama kutazama maji kama wanatazama mpira. Nilipiga simu hospitali, hazipokelewi. Mdogo wangu akasema, "Damu yangu haiendi popote, dada. Tutakuja wiki ijayo."


Jumatano, 9 Aprili

Hakula. Anasema chai ilimuunguza ulimi. Daraja bado limefungwa.


Jumamosi, 12 Aprili

Mvua mchana kutwa. Analala sana. Ninampa kidonge chake, anakimeza kwa shida, mimi nimesimama pale.


Jumatatu, 14 Aprili

Nilitoka shule mapema kwa sababu moyo ulikataa kutulia. Nikamkuta Baba ameketi kitandani kwa mdogo wangu, amemshika kifundo cha mguu kwa mikono miwili. "Anawaka," akasema.

Nikamwambia mdogo wangu afungue kinywa. Nilitazama. Vidonda vyeupe kwenye ulimi, kwenye mashavu, kooni mpaka nisipoweza kuona. Haikuwa chai. Alikuwa ameficha mdomo wake kwa siku sijui ngapi, na mimi niliyejifanya askari wa nyumba hii nilikuwa ninamtazama kiganja tu, kama kidonge kimeondoka. Kinyozi hajinyoi, tunasema. Mwalimu naye kwake hasomi.

Pale darajani kulikuwa na lori la mchanga linalovusha watu. Tulimlaza juu ya turubai, Baba akataka kupanda naye, dereva akamkatalia kwa sababu ya mguu. Baba akamwambia dereva maneno ambayo siwezi kuyaandika. Tukamwacha amesimama kwenye matope, fimbo mkononi. Maji yalifika kwenye ekseli. Mdogo wangu alitetemeka njia nzima, meno yakigongana, na katikati ya mto akasema, "Dada, ukinisahihisha sasa hivi nitaruka." Nilimkumbatia kichwa.

Daktari alipopata majibu alikuja mwenyewe, hakumtuma mtu. Akanivuta pembeni. Chembe nyeupe karibu hakuna. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, karibu hakuna. "Uboho umesimama," akasema. "Vijidudu vimeingilia mdomoni, viko kwenye damu, na hana askari hata mmoja. Nimeanza dawa zote nilizo nazo. Tunasubiri uboho uamke kabla maambukizi hayajamshinda."

Nikamwuliza kama saratani imerudi.

"Hapana," akasema. "Hapo ndipo pananishinda. Hakuna hata seli moja ya saratani."


Jumanne, 15 Aprili

Ninaandika kwenye benchi la korido.

Asubuhi daktari aliingia akiwa na faili. Kasema amefanya hesabu upya. Kidonge cha jioni ni kimoja, kipimo ni kile kile alichokivumilia mwaka mzima, lakini mwili unaonyesha kana kwamba amekuwa akimeza vinne kwa siku.

"Mwalimu, nakuuliza tena. Kuna dawa nyingine? Hata ya mizizi, hata ya kikohozi, hata ya kuazima kwa jirani?"

"Hakuna," nikasema. "Nyumba yangu naijua."

Mdogo wangu akainua mkono kutoka kwenye shuka. Kuongea kulimuumiza, kwa hiyo alisema kidogo kidogo.

"Za Baba."

Sikuelewa. Daktari alielewa kabla yangu. Akainama. "Baba anaumwa nini?"

"Gauti."

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo madaktari hawafanyi. Kisha akatueleza, na kadiri alivyoeleza mimi nilikuwa mbele yake hatua moja, kwa sababu somo lilikuwa langu. Besi bandia ikishaingia mwilini, nyingi yake huvunjwa na kutupwa nje, na hicho kidogo kinachobaki ndicho tiba. Kimeng'enya kinachoivunja ni kile kile kinachotengeneza asidi ya yuriki. Njia ni hiyo hiyo moja. Dawa ya gauti huiziba. Kwa mguu wa Baba ni nafuu. Kwa mdogo wangu ilikuwa ni kuziba mfereji mvua ikinyesha. Sumu yote ya jioni ikabaki ndani, jioni baada ya jioni, ikibandikwa kwenye vifungo, ikitungwa, na kila seli iliyojaribu kugawanyika ikafa.

Nilisema kwa mdomo wangu, kule barazani, kwamba vidonge vya Baba huziba njia ya mwisho. Nilisema mbele yao wote wawili. Sikujua kama ni njia yake pia.

Daktari alipotoka nikamgeukia. Nilitaka kupiga kelele. Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu magoti. Jumapili ile. Nilimwambia yanauma, akafungua kopo." Akapumzika. "Akasema mguu wake na wangu ni mguu mmoja. Kimoja asubuhi, baada ya chai. Akasema nisikwambie, utampigia kelele."

"Na wewe ukameza tu?"

"Dada." Macho yake yalijaa. "Baba hajawahi kunipa kitu. Ningekataaje?"

Ndipo nikakumbuka ule uvimbe, ile soksi, na maneno yangu ya maini ya kukaanga. Vidonge vya mwezi ni vya mtu mmoja. Alimpa vyote. Yeye akabaki na maumivu yake, na matusi yangu juu.

Nikasema nitamweleza Baba leo hii. Mdogo wangu akanishika kidole.

"Usimwambie."

"Lazima ajue alichofanya."

"Ajue ili afanye nini nacho? Nikipona nitamwambia mwenyewe, tutacheka. Nisipopona umwache."

Nikamwambia atapona. Akaniambia mimi huwa sitoi alama za huruma, nisianze na yeye.


Ijumaa, 18 Aprili

Uboho haujaamka. Ninauliza kila asubuhi na daktari anatikisa kichwa kabla sijamaliza.

Baba amefika. Sijui alivukaje. Suruali imelowa mpaka mapajani, kiatu kimoja, mguu wa pili amefunga kitambaa. Hawaruhusu mtu kuingia chumba kile, hata mimi ninaingia nimefunikwa pua na mdomo na gauni juu. Baba alisimama kwenye kioo. Mdogo wangu akamwona, akajipapasa kidevu, kama kumwambia ndevu zimeota, unahitaji kunyolewa. Baba akacheka kwa sauti kubwa peke yake koridoni, manesi wakageuka.

Kisha akanivuta pembeni, akaangalia kulia na kushoto, akatoa pakiti kwenye mfuko wa shati. Mpya, haijafunguliwa. Alikwenda kuchukua vya mwezi huu kabla ya kuja.

"Mpe hivi," akasema. "Kimoja asubuhi, baada ya chai. Hawa hapa hawajui magoti yake. Nilikuwa nampa, hukujua. Usinigombeze. Vilimsaidia, mwulize mwenyewe. Vilipoisha tu ndipo alipoanguka."

Nilisimama nikimtazama kinywa kikitembea. Kwa hesabu yake, mtoto aliugua kwa sababu vidonge viliisha. Nilikuwa na jibu sahihi, lote, na kila hatua yake. Nikapokea pakiti, nikaifungia mkobani.

"Nitampa, Baba."


Jumapili, 20 Aprili

Mvua. Hajitambui.


Jumanne, 22 Aprili

Amefariki asubuhi, mvua ikiwa imesita kidogo. Mkono wake ulikuwa kwenye mkono wangu, na glavu katikati yetu.

Mdogo wangu. Mdogo wangu.


Jumatatu, 28 Aprili

Watu wamekuja, watu wameondoka. Wateja wake wa zamani walijaa uani, wengine nywele ndefu, wanasema hawajapata mwingine wa kuwanyoa vile. Nilimtafutia kila mmoja kiti. Baba alikaa kwenye kigoda cha marehemu na hakuna aliyethubutu kumwambia ahame.


Jumatatu, 12 Mei

Nimerudi darasani. Wamesimama wote bila kuambiwa. Kamba za vifungo bado zinaning'inia kutoka ubaoni mpaka mlangoni, nusu yake alitunga mdogo wangu. Nayajua mafundo yake, ni madogo na yamekazwa. Nilifundisha mada nyingine, nikiwapa kisogo.


Jumatano, 21 Mei

Ninasahihisha mtihani. Swali la nne: eleza tofauti kati ya nyukleosidi na nyukleotidi, na nafasi zake katika asidi za nyukleiki. Wengi wamepata. Yule wa siku ya kwanza ameandika, "Nyukleosidi ni sukari na besi. Peke yake haiandiki kitu mpaka ifungwe fosfeti. Lakini ikiwa ya uongo mwili hauwezi kujua, kwa sababu umezoea kuamini kilicho chake." Sentensi ya mwisho sikuifundisha. Nilimpa alama zote, nikaweka kalamu chini, sikuweza kuendelea.


Jumapili, 25 Mei

Baba hamezi vidonge vyake. Pakiti ile ya hospitali nimeikuta koponi, nadhani aliitoa kwenye mkoba wangu siku ya mazishi. Kopo halina kufuli tena. Nilimwuliza, akasema, "Hivyo ni vya mwenyewe." Mguu umevimba mpaka kifundoni. Anakwenda chooni akishikilia ukuta, na hataki nimshike.

Zamani ningesema ni ukaidi. Sijui niliwahi kumjua mtu huyu.


Jumapili, 1 Juni

Mvua imekata. Asubuhi Baba alitoka barazani, akakaa kwenye kiti, akavua kofia, akangoja. Nilimtazama kutoka dirishani. Alikuwa anajua hakuna wa kumnyoa. Alikuwa amekaa tu, kwa sababu ni Jumapili.

Nikachukua mashine ya mdogo wangu. Sijawahi kunyoa mtu. Nikamfunga shuka shingoni, nikaanza nyuma ya sikio, nikaharibu, nikaendelea. Nywele zake ni laini kuliko nilivyodhani. Hakulalamika, yeye anayelalamikia kila kitu.

Nilipofika kisogoni akasema, "Mwalimu."

"Naam, Baba."

"Wewe umesoma haya mambo. Mimi nilikuwa ghalani tu. Nimekaa nikifikiri. Nilichelewa. Magoti yalimuuma muda, mimi nikajifanya sisikii, nikabana vidonge vyangu. Niambie kweli, usinifiche. Ningeanza kumpa mapema, angepona?"

Nikazima mashine. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na nilimshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu uso wangu haukuwa na pa kwenda. Hasira ilikuwepo, sitasema haikuwepo. Ilikuwepo pamoja na huruma, na vyote viwili vilikuwa vya mtu mmoja.

"Hapana, Baba," nikasema. "Hukuchelewa. Na magoti yaliacha kuuma. Aliniambia mwenyewe."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hujawahi kumpa kitu kama kile."

Mabega yake yakaanza kutikisika chini ya shuka. Nilimwekea mkono kichwani, upande ulionyolewa, mpaka akatulia. Darasani jibu langu lingepata nusu, na nusu hiyo ningeigombea.

Nikaingia ndani, nikatoa kidonge kimoja kwenye kopo, nikajaza maji kwenye kikombe. Baba akakitazama muda mrefu.

"Hiki ni cha mtoto," akasema.

"Mtoto amekurudishia."

Akanyoosha kiganja. Nikamwekea, nikasimama pale mpaka akakimeza.